Baleti Ng'ambo ya Barabara

Kwa sisi wa kampasi kuu, Jumba la Kitaifa la Maonyesho si mbali. Ni kuvuka tu Harry Thuku Road. Lakini uliza makomredi kumi ni wangapi wamewahi kuingia mle ndani kutazama baleti, utaambiwa hiyo ni ya watu wa Karen na watoto wao. Mimi nilienda na marafiki watatu Desemba iliyopita. Tulichanga pesa ya tiketi, tukachanga na ya chakula cha baadaye, na ninaandika haya ili nawe ukienda usikae pale masaa mawili ukihesabu taa za darini.

Kwanza, hii kitu ilitoka wapi? Baleti ilianzia katika sherehe za makasri ya Italia, ikahamia Ufaransa na kunenepea huko. Mfalme Louis wa Kumi na Nne alikuwa mchezaji hasa. Mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alicheza nafasi ya Jua mbele ya wakuu wake, na jina la Mfalme Jua likamganda. Mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha densi. Ndiyo maana mpaka leo mwalimu wa baleti, awe Moscow au Kibera, hutaja hatua kwa Kifaransa.

Onyesho tulilotazama ni The Nutcracker, ambalo kundi la Dance Centre Kenya limekuwa likilileta Nairobi mwisho wa mwaka. Muziki ni wa Tchaikovsky, na lilionyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg, Urusi, Desemba 1892. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Msichana anapewa zawadi ya Krismasi, mdoli wa mbao wa kuvunjia njugu. Usiku mdoli anapata uhai, anapigana na mfalme wa panya, kisha anamchukua msichana hadi nchi ya peremende. Sehemu ya kwanza ni karamu, vita na theluji. Ya pili, usicheke, ni chakula: chokoleti inacheza, kahawa inacheza, chai inacheza. Ukiingia na njaa utateseka. Kula angalau chapo mbili kabla.

Sasa, unatazama nini? Anza na miguu. Mchezaji hugeuza mguu mzima kuanzia kwenye nyonga, hivyo nyayo zinatazama kando badala ya mbele. Inaonekana kama madoido, lakini kazi yake ni kumpa nafasi ya kuinua mguu juu sana bila kupindisha kiuno. Kisha tazama vile viatu vya kusimamia ncha za vidole. Rafiki yangu wa uhandisi alikuwa ameapa vina chuma ndani. Havina. Ncha hutengenezwa kwa matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyokazwa kwa gundi, na huchoka haraka. Mzigo wote unabebwa na kifundo na misuli iliyozoezwa kwa miaka.

Tazama pia kichwa cha anayezunguka. Macho yake yanang'ang'ania nukta moja ukumbini, mwili unatangulia kuzunguka, kisha kichwa kinafyatuka mwisho na kurudi pale pale. Hivyo ndivyo anavyoepuka kizunguzungu. Na kwa kuwa hakuna anayesema neno, mikono ndiyo inayozungumza: kiganja kifuani ni mapenzi, kidole kikionyesha mahali pa pete ni ndoa, mikono ikizungushwa juu ya kichwa ni mwaliko wa kucheza. Ukizijua hizo tatu, umeshapata nusu ya mazungumzo.

Masikio nayo yasilale. Katika dansi ya malkia wa peremende utasikia sauti kama kengele ndogo za kioo. Hicho ni chombo kiitwacho selesta, kilichovumbuliwa Paris miaka michache tu kabla ya onyesho hilo. Tchaikovsky alikiagiza kwa siri, akiogopa watunzi wenzake wa Urusi wasije wakamtangulia kukitumia.

Onyesho lilipoisha tuliteremka mjini tukaagiza sinia moja la biriani ya mbuzi, kachumbari ya pilipili na maji ya ukwaju. Hapo ndipo usiku ulipoanza kunoga, maana biriani ina tabia ya kufungua midomo.

Wa kwanza kuzua alikuwa dada wa Kericho. "Hiyo chai iliyocheza pale, ni chai gani?" Swali zuri. Ile "chai" ni Uchina ya kufikirika, ilivyoonekana kutoka Urusi mwaka 1892, na ile "kahawa ya Uarabuni" inachezwa kwa wimbo uliotokana na bembelezo la Kijojia. Yaani Mwarabu hakuulizwa wala Mchina hakuulizwa. Siku hizi makundi mengi duniani yamebadilisha dansi hizo, kwa sababu waliochorwa mle nao wamepata nafasi ya kukaa ukumbini na kusema.

Komredi wa sheria alitupeleka mbali zaidi. Mwaka 1976, katika jumba lile lile, tamthilia mbili za Kenya, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilihangaika kupata siku za kuonyeshwa. Zilipewa siku chache tu, zikibanwa na ratiba ya maonyesho ya kigeni, likiwemo kundi la baleti kutoka Ufaransa. "Sasa sisi," akasema huku akipakua, "tumelipa kwa hiari yetu kutazama kile kilichowabana wazee wetu."

Meza ilinyamaza. Kisha mhandisi, ambaye kwao ni Kakamega, akaongeza chumvi: Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Baleti haimo humo. Baleti ina mashule na wafadhili.

Nilifikiri sana juu ya hayo, na huu ndio msimamo wangu. Ngoma husafiri, hilo halijawahi kuwa kosa. Vijana wa pwani yetu walichukua bendi za kijeshi za wazungu wakatengeneza beni. Wakikuyu walichukua kodiani na hatua za dansi za Ulaya wakatengeneza mwomboko, na leo nani atathubutu kusema mwomboko si wao? Jukwaa lenyewe lilijaa watoto wa Nairobi. Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda, alipitia hapa kabla ya kwenda kusoma katika shule ya English National Ballet, London. Kibera watoto wamejifunza baleti ndani ya madarasa yaliyosogezwa madawati, bila vioo. Huwezi kumwambia mtoto huyo kwamba mwili wake unacheza cha wengine.

Tatizo la 1976 halikuwa baleti yenyewe. Lilikuwa ni nani aliyeshika ratiba na ufunguo. Swali hilo bado ni letu. Baleti inajitahidi kuikimbia ardhi, kila ruko ni kana kwamba mtu hana uzito. Isukuti inaikanyaga ardhi, mabega yanaitika ngoma. Mwenye macho anaweza kupenda zote mbili, mradi zote zipate jukwaa, mazoezi na mshahara.

Kwa hiyo nendeni. Fikeni mapema, mkichelewa mtapita mkikanyaga watu gizani. Zimeni simu. Pigeni makofi mchezaji anapomaliza na kuinama, haina haja ya kungoja mwisho. Chagueni viti vya juu, ni afadhali mfukoni na mistari ya wachezaji huonekana vizuri zaidi. Na muhula ujao, chama chetu kikipanga usiku wa utamaduni, tusiwaite wachezaji wa Isukuti kuja kuburudisha wageni dakika tano kabla ya hotuba. Tuwape usiku mzima, tuuze tiketi, tuvuke barabara tukawatazame. Biriani baadaye, kila mtu achange.