Ukoga wa Meno

Mtu akipitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya taya la chini, karibu na ufizi, huenda akahisi kitu chenye kukwaruza, mfano wa mchanga ulioganda. Akitazama kwa kioo ataona utando wa rangi ya manjano, au wa hudhurungi ikiwa mtu huyo huvuta tumbaku au hunywa chai nyingi ya rangi. Kitu hicho si sehemu ya jino. Mtu hakuzaliwa nacho, wala hakikuota katika ufizi. Kimejengwa kidogo kidogo, siku kwa siku, na waliokianzisha ni viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho matupu. Jina lake ni ukoga.

Mtu aliyewaona viumbe hao mbele ya wengine alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft katika nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa mganga wala hakusoma chuo kikuu, lakini alikuwa na ustadi wa kusugua vipande vidogo vya kioo hata vikaweza kukuza vitu mara nyingi sana. Mwaka 1683 aliandika barua kwa chama cha wataalamu kilichokuwa London, akaeleza kwamba alikuwa na desturi ya kusugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, na kuyasafisha magego kwa kijiti na kitambaa. Na juu ya hayo yote, katikati ya meno yake palisalia kitu cheupe kama unga uliokorogwa. Akakichanganya na maji safi ya mvua, akakitazama kwa kioo chake. Lo! Ndani yake wamo vidudu hai, wengine wakienda mbio kama samaki, wengine wakizunguka kama pia. Akasema kwamba waliomo kinywani mwake ni wengi kuliko watu wote wa nchi ya Uholanzi. Kisha akamtafuta mzee ambaye hakupata kusafisha kinywa maisha yake yote, na huyo alikuwa nao wengi kupita kiasi.

Basi ukoga huanza kwa vidudu hivyo. Meno yakiisha kusuguliwa, hazipiti saa nyingi kabla vidudu havijaanza kushikamana nayo tena na kufanya utando laini wenye kunata. Maji ya kusukutua peke yake hayauondoi, lakini mswaki huuondoa mara moja. Usipoondolewa, mate huugeuza. Katika mate yamo madini ya chokaa yaliyoyeyuka, nayo yana faida kubwa, kwa kuwa huyatengeneza meno yaanzapo kulika. Lakini madini yale yale huingia katika ule utando na kuganda humo. Mtu aliyechemsha maji ya kisima katika birika moja kwa miezi mingi amekwisha kuona ganda jeupe ndani yake, ambalo halitoki kwa kitambaa ila kwa kukwanguliwa. Ukoga hugeuka jiwe kwa jinsi iliyo karibu na hiyo. Kwa watu wengine huanza kuwa mgumu katika siku chache tu, kwa wengine huchukua majuma mawili au zaidi. Nao ukiisha kuwa mgumu hudumu sana: wataalamu wachimbao makaburi ya kale huukuta ungali umeshikamana na meno ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, na ndani yake hupata chembe za vyakula walivyokula.

Ukoga haukai mahali pote sawasawa. Huzidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, na tena upande wa shavu wa magego ya juu. Sababu yake ni kwamba mifereji ya mate hufunguka mahali hapo: mmoja chini ya ulimi, na mwingine ndani ya shavu, kulielekea gego la pili la juu. Palipo na mate mengi, ndipo penye madini mengi.

Yafaa kuuliza, ukoga wadhuru nini, ikiwa ni jiwe tu? Jiwe lenyewe halina meno ya kuuma. Ubaya wake ni kwamba lina mikwaruzo, na juu yake vidudu vipya hupata makao yasiyofikiwa na mswaki. Vidudu vikikaa karibu na ufizi, ufizi huvimba, hugeuka rangi ukawa mwekundu sana, na hutoka damu upesi. Hapo watu wengi hukosea: wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali pale, wakidhani wanaupumzisha ufizi. Kumbe wanawapa adui nafasi. Ufizi uliovimba kwa sababu hii hupona ukisafishwa vema kila siku.

Lakini ukiachwa miaka mingi, kwa watu wengi madhara huteremka chini. Ufizi huachana na jino, pakawa na mfuko mdogo. Ukoga hushuka humo. Na mfupa wa taya unaolishika jino huanza kulika. Mara nyingi hapana maumivu makubwa, na hii ndiyo hila yake. Jino lililotoboka humpigia mwenyewe kelele usiku kucha, lakini jino linalopoteza mfupa hukaa kimya mpaka siku linapotikisika. Mfupa ukiisha kwenda haurudi wenyewe. Watu husema, “Ni uzee.” Wapo wazee wengi wenye meno imara, na wapo watu wa miaka 40 waliokwisha kupoteza magego kwa njia hii. Wavutao tumbaku na wenye ugonjwa wa kisukari wamo hatarini zaidi.

Si kila doa la jino ni ukoga. Watoto wengi waliokulia kando ya Mlima Meru, katika nchi ya Arusha, wana meno yenye madoa ya hudhurungi, kwa kuwa maji ya huko yana madini ya floraidi kupita kiasi. Madoa hayo yamo ndani ya jino lenyewe tangu lilipokuwa likiumbika. Kuyasugua kwa mchanga au mkaa ni kulichubua jino bure, na kumcheka mwenye nayo ni ujinga.

Kuzuia ukoga ni kazi ya mswaki. Mswaki wa mti, uliotumika pwani tangu zamani, wafaa kabisa ukitumiwa vizuri: hukatwa mbichi, ncha hutafunwa hata nyuzi zikaachana, na nyuzi zikichakaa hukatwa na kutafunwa mpya. Mswaki wa dukani uwe laini. Dawa ya meno yenye floraidi kidogo ni njema, kwa kuwa huyaimarisha meno. Lakini neno kubwa ni mahali unapopita mswaki. Watoto wengi husugua meno ya mbele yaonekanayo wakicheka, wakaishia hapo. Imepasa kusugua pole pole penye mpaka wa jino na ufizi, nje na ndani, hata gego la mwisho, asubuhi na tena kabla ya kulala, kwa muda wa dakika mbili.

Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hautoki kwa mswaki, wala usikwanguliwe kwa kisu au sindano. Mganga wa meno huuondoa kwa chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, au kwa mashine yenye kutikisika upesi na kurusha maji. Wako waogopao, maana wamesikia kwamba fulani alikwanguliwa ukoga, meno yakaanza kutikisika. Habari hiyo huweza kuwa kweli, lakini sababu yake imegeuzwa. Mfupa ulikuwa umekwisha kulika, na ukoga ulikuwa umeyafunga meno pamoja kama udongo ufungavyo fito za ukuta. Ulipoondolewa, hali yao ilidhihirika. Mara nyingi ufizi huanza kupona katika majuma machache, nayo meno yaliyobakiwa na mfupa wa kutosha hukazana tena kidogo. Utando mpya huanza kutanda siku ile ile, kwa hiyo mswaki hauna budi kutumika jioni hiyo hiyo.