Je, Wajua? Difu Inayolia na Upana wa Unywele

Je, wajua kwamba soko la Kisekka, pale Nakivubo ambako wenye magari wa Kampala hufuata spea za mtumba, lina jina la daktari wa tiba? Dkt. Samson Kisekka alikuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991, kisha akawa makamu wa rais.

Kwamba ukizunguka kipilefti cha Kibuye, hapo hapo Kampala, duara zima, gurudumu la nje hutembea mita 9.4 zaidi ya la ndani, kama kati yake pana mita 1.5? Ukubwa wa kipilefti haubadilishi kitu. Bila difu, zile gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, tairi lingeburuzwa umbali huo wote. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alishapata dawa yake miaka ya 1820, kwa gari la mvuke.

Kwamba kraunwili (gia kubwa ya difu) yenye meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yenye meno 10, uwiano wa kawaida kwenye Toyota, haikuchaguliwa ovyo? Namba hizo hazigawanyiki pamoja, hivyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la kraunwili kwa zamu, na ulikaji husambaa. Gari lililotembea kilomita 200,000 kwa tairi lenye mzingo wa mita 2 limeizungusha pinioni hiyo mara milioni 410.

Kwamba kraunwili na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani na huuzwa kwa jozi? Ukipewa moja ya gari hili na nyingine ya gari lile, mshukuru muuzaji, uende zako.

Kwamba kwenye difu nyingi za Hilux na Land Cruiser, nafasi ya kucheza kati ya meno hutakiwa iwe milimita 0.13 hadi 0.18? Tofauti ya kubana mno na kulegea mno ni 0.05, chini ya unene wa nywele nyingi. Sikio la fundi, hata awe mzee wa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, halipimi hivyo. Geji ya mshale hupima.

Sasa shimu, vile vipete vyembamba vya chuma vinavyopanga nafasi hizo. Ya nyuma ya kichwa cha pinioni ikiwa nene mno, pinioni huzama ndani ya kraunwili. Ikiwa nyembamba mno, hubaki mbali. Utajuaje? Paka meno rangi, zungusha kwa mkono huku msaidizi akizuia kidogo, kisha soma alama. Ikikaa chini kwenye shina la jino, punguza shimu. Ikipanda kileleni, ongeza. Shimu za pembeni ni kazi nyingine: ukihamisha unene ule ule kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kraunwili husogea bila kulegeza beringi. Difu nyingine hutumia nati badala yake. Fundi anayefunga bila kupaka rangi anabahatisha, na mwenye gari ndiye hulipia.

Kwamba beringi za pinioni, zile za koni ambazo Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi, alizipatia hataza Marekani mwaka 1898, hufungwa zikiwa zimebanana kiasi? Beringi iliyokwisha kutumika hubanwa karibu nusu ya mpya. Na lile bomba la kukunjika kati yake likishapondwa kupita kiasi, kulegeza nati hakusaidii: nunua jingine.

Kwamba tangu kampuni ya magari ya Packard ilipoleta pinioni iliyoshushwa chini ya kitovu cha kraunwili, mwaka 1926, meno huteleza sana yanaposukumana? Ndiyo maana difu zenye pinioni hiyo hudai oili ya GL-5, si “oili 90” yoyote iliyo kwenye dumu.

Kwamba kutia vumbi la mbao ndani ya oili ili difu inayolia inyamaze hadi mnunuzi afike mbali ni ujanja wa kale wa wauza magari duniani? Kabla ya kulipa, fungua bolti ya oili, chota kidogo, sugua kati ya vidole.