Kufunga Kitabu ili Kukumbuka

Wanachuo wengi waliokwenda katika mazoezi ya kufundisha wamewahi kukutana na jambo hili. Usiku mtu amesoma sura nzima mara tatu, akalala akiwa na hakika kwamba ameielewa. Asubuhi, mbele ya wanafunzi, yale yaliyokuwa wazi yanamponyoka, naye analazimika kuchungulia kitabu kila mara. Wanafunzi wetu nao hupatwa na hali hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tukisahau twajitetea kwa uchovu, bali mtoto akisahau huitwa mzito wa kuelewa. Kwa hiyo, kabla hatujamhukumu, yatupasa tuchunguze namna tulivyomsomesha.

Kosa lililoenea ni kudhani kwamba kusoma tena na tena kwatosha. Maneno yakipita machoni mara ya pili na ya tatu tunayazoea, nasi huona kwamba tunayajua. Kumbe kuyatambua maneno yaliyo mbele yetu si sawa na kuyatoa kichwani wakati kitabu hakipo.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walieleza jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mmoja alisoma vifungu viwili. Kisha kimoja alikisoma tena, na kwa kingine aliandika yote aliyoyakumbuka bila kukitazama. Katika kipimo cha baada ya dakika 5, kifungu kilichosomwa tena kilikumbukwa kwa asilimia 81, na kilichoandikwa kwa asilimia 75. Lakini katika kipimo cha baada ya wiki 1, kilichosomwa tena kilikumbukwa kwa asilimia 42 tu, na kilichoandikwa kwa asilimia 56. Hapo ndipo tunapodanganyika: njia inayopendeza leo siyo ibakizayo maarifa juma lijalo.

Tuchukue mfano wa darasa la nne huko Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, lenye kifungu kihusucho alizeti. Mwalimu aweza kufuata hatua hizi.

Kwanza, aamshe yale wanayoyajua watoto. Kabla ya kusoma, aulize alizeti hupandwa lini, na mashudu yake hutumiwaje nyumbani. Mtoto akikosa neno la Kiswahili, aruhusiwe kulitaja kwa Kinyiramba, kisha apewe la Kiswahili. Jambo jipya hushika pale linapopata la zamani la kushikamana nalo. Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza habari za mchungaji mmoja wa Uswazi aliyetaja ng'ombe walionunuliwa yapata mwaka mmoja nyuma, pamoja na rangi na bei zao, kwa makosa machache madogo. Ng'ombe ndio waliokuwa maisha yake.

Pili, awape swali la kwenda nalo katika kusoma, kwa mfano: Kwa nini mkulima hukausha mbegu kabla ya kuzihifadhi?

Tatu, kitabu kifungwe. Watoto wawili wawili wasimuliane waliyoyasoma. Hata pale ambapo dawati zima lina kitabu kimoja, hatua hii haikwami: mmoja asimulie, mwingine ashike kitabu na kumfuatilia, kisha wabadilishane. Tusiridhike na darasa zima kuitikia kwa pamoja, kwani sauti ya wengi humficha asiyejua. Tena tusiharakishe kumpa jibu mtoto anayejitahidi kukumbuka. Jitihada hiyo yenyewe ndiyo imfunzayo.

Nne, kitabu kifunguliwe tena ili wasahihishe walipokosea na kujaza walipoacha. Kosa lisiposahihishwa laweza kukaa mahali pa jibu.

Tano, warudie baada ya muda. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema, katika saa na siku za kwanza. Basi maswali mawili au matatu yaulizwe mwanzoni mwa somo la kesho, na tena juma lijalo. Haba na haba hujaza kibaba. Hatua hii iandikwe katika andalio la somo, isiachwe kwa bahati.

Tahadhari moja yafaa. Maswali haya si mtihani, wala alama zisitolewe. Mtoto anayeogopa kuchekwa au kuadhibiwa hunyamaza hata kwa lile alijualo, nasi tutashindwa kujua anapohitaji msaada.

Hatuwezi kuwafundisha watoto njia tusiyoitumia wenyewe. Kwa hiyo twamwomba msomaji alifunge jarida hili sasa, aandike hatua tano zilizotajwa, kisha alifungue na kujisahihisha. Kesho asubuhi, kabla hajaingia darasani, aziandike tena.