Anayesema "kitabu yangu" pia ana sarufi

UKIMSIKIA mwanao akilalama "kitabu yangu imepotea", bila shaka utamkemea kwamba anaongea ovyo, lugha isiyo na sarufi. Je, ni kweli haina?

Hebu msikilize tena. Vikipotea viwili atasema "vitabu zangu zimepotea". Hutamsikia hata siku moja akisema "kitabu zangu imepotea". Kimoja ni ya, vingi ni za: kiti yangu, viti zangu, kiatu yangu, viatu zangu. Hiyo ni kanuni, na watoto wengi wa Nairobi huifuata bila kufunzwa na mwalimu yeyote.

Mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky, aliyeanzisha sarufi zalishi kwa kitabu chake cha mwaka 1957, ashikilia kwamba mtoto huzaliwa na uwezo wa lugha. Katika kitabu kingine cha mwaka 1981 alieleza kuwa lugha zote zina misingi ile ile, ila penye njia panda kila moja hushika njia yake. Tazama Kiitaliano na Kifaransa, ndugu waliozaliwa na Kilatini. Mwitaliano husema "parlo", yaani nasema, ikatosha. Mfaransa sharti atangulize "je", yaani mimi: "je parle". Nani kakosea hapo? Hakuna.

Hata Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, huiacha ngeli ya KI-VI kinapotaka. Twasema "kifaru amelala", wala si "kifaru kimelala". Twasema pia "rafiki yangu" na "rafiki zangu", na hakuna anayetucheka.

Je, mtoto aandike "kitabu yangu" katika mtihani? La hasha! Insha hudai Kiswahili sanifu, na alama zitakatwa. Lakini mtoto anayeambiwa kila mara kuwa hana lugha mwishowe hufunga mdomo, akalichukia somo lenyewe.

Basi mzazi, badala ya kumcheka, mpe zoezi. Mtajie kiko, kikombe, kijiko na kipofu, kisha mwambie atunge sentensi mbili kwa kila neno: ya mtaani na ya shuleni. Afikapo kwa kipofu, muulize mbona safari hii sanifu haikutumia "ki". Akiweza kukueleza, huyo amekwisha kuanza kusoma isimu.