Kabla ya Printa, Ulizia Wino

Wauzaji wa Kariakoo huanza na bei ya printa. Mimi huanza na wino: unauzwaje, na unatoa kurasa ngapi? Hapo ndipo pesa ya mtu wa kawaida inapoishia.

Nafundisha darasa la kwanza, nakaa Tandika. Mtoto anayeanza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) huishika herufi upesi akiiona pamoja na kitu anachokijua: N na nyanya nyekundu, E na embe la njano, J na jani la kijani. Kadi hizo nazitengeneza nyumbani jioni. Zikitoka nyeusi tupu, embe linafanana na kiazi na mtoto anabaki kubahatisha. Kwangu rangi si pambo.

Printa ndogo za wino ziko za namna mbili. Kuna za katriji. Chukua HP 305 ya kawaida, inayoingia kwenye baadhi ya mashine za DeskJet: nyeusi inahesabiwa kurasa 120 hivi, ya rangi 100. Tuseme umeuziwa 40,000. Gawa kwa 120: kila ukurasa umekula zaidi ya shilingi 330, karatasi bado. Mashine za namna hii huuzwa rahisi kwa sababu kampuni hutafuta faida yake kwenye wino.

Halafu kuna za tenki, ambazo wino unamimina mwenyewe kutoka kwenye chupa. Kule Indonesia watu walikuwa wakiziunganishia printa zao matenki ya nje kwa vimirija, na mwaka 2010 Epson ikaanza kuuza hukohuko printa zenye tenki tayari. Canon na HP nao wakatoa za kwao. Epson L3250 hutumia wino namba 103: chupa nyeusi ya mililita 65 inahesabiwa kurasa 4,500, na tatu za rangi kwa pamoja 7,500. Hata chupa nyeusi ikiwa 35,000, ukurasa haufiki shilingi nane.

Ila hesabu hizo hupimwa kwa kurasa zenye wino kidogo. Tembo anayejaza A4 nzima atakunywa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mimi hupanga picha ndogo ndogo kwenye karatasi moja na kuacha nyuma ya kila picha peupe. Tena wino wa rangi huchuja ukilowa, na mikono ya watoto haikauki. Kadi zinazokaa darasani nazipeleka kuwekwa laminesheni.

Adui mkubwa wa printa hizi ni kukaa bure. Wino hukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, na joto letu linaharakisha. Chapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Kuzibua kichwa kwa programu yake kunakula wino, na unaomwagwa huenda kwenye sifongo iliyo ndani. Sifongo ikijaa, mashine hugoma. Katriji kama hiyo ya 305 ina nafuu hapa, kwani kichwa kiko kwenye katriji yenyewe: ukibadilisha hii, umepata na kile.

Printa izime kwa kitufe chake, usikimbilie swichi ya ukutani. Kitufe hukirudisha kichwa kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa huweza kubaki wazi, kwa hiyo ukirudi iwashe, kisha uizime vizuri.

Dukani, omba ichapwe karatasi ya kupima matundu mbele yako. Mstari uliokatika usiukubali. Jaribu pia kutoa kopi ya kitambulisho na kuchapa kutoka kwenye simu, maana nyumbani ndizo kazi za kila mara. Dai risiti ya EFD na uandikiwe muda wa waranti.

Anayechapa kila wiki, kwa maoni yangu, avumilie bei ya juu achukue ya tenki. Nyumba inayotoa barua mbili tatu kwa mwezi iendelee na steshenari ya mtaani.