Alizeti Mwitu: Ua la Manjano Lenye Mbolea



Mtu atokaye Lushoto kwenda Irente, kwenye jabali litazamalo nyika ya Mazinde, huona kandokando ya njia vichaka vyenye maua ya manjano mfano wa alizeti ndogo. Mmea huo ndio alizeti mwitu, na wataalamu huuita Tithonia diversifolia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, lakini huku kwetu Afrika ya Mashariki umekwisha kuwa mwenyeji.

Wengi huuhesabu kuwa gugu tu. Sisi wenye mikarafuu yatupasa tuutazame vizuri zaidi, kwa maana mche wa mkarafuu hushindwa upesi katika kiangazi chake cha kwanza ukiwa katika udongo mchovu, usio na majani ya kuufunika.

FAIDA YAKE

Majani yake ni laini na huoza upesi sana yakifukiwa katika udongo wenye maji. Katika kila kilo 100 za majani makavu mna naitrojeni kama kilo 3 na nusu, potasi kama kilo 4, na fosforasi chini ya nusu kilo. Katika miaka ya 1990 wakulima wa magharibi ya Kenya waliyajaribu katika mahindi na mboga, pamoja na wataalamu. Wasambaa nao wana mti wao wa jamaa hiyo hiyo, tughutu, ambao majani yake hurutubisha shamba.

Lakini tusidanganyane. Majani mabichi ni maji matupu: kilo 100 zikikauka hazibaki zaidi ya kilo 20. Naitrojeni iliyomo ni kama nusu kilo tu au zaidi kidogo, sawasawa na kilo moja na robo, au moja na nusu, ya urea. Kwa hiyo mbolea hii yafaa kwa miche michache iliyo karibu, si kwa kubebwa kichwani shamba zima.

NAMNA YA KUPANDA

Usipande mbegu; panda vipande. Kata shina lililokomaa, kipande cha shibiri moja na nusu, masika yanapoanza. Chomeka ardhini hata vifundo viwili vifunikwe, na uangalie usigeuze juu chini. Acha nusu mita baina ya kipande na kipande. Mmea ukifika kifuani, kata hata magotini, utachipua tena.

NAMNA YA KUTUMIA

Katakata majani na vijiti laini, uvitandaze kuuzunguka mche, ukiacha shibiri moja kutoka shinani. Usichimbe karibu na mche, kwani mizizi yake ya kulia chakula iko juu juu. Kisha funika kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee.

TAHADHARI

Kwanza, kata kabla maua hayajatoa mbegu. Mmea huu huenea upesi na kuzisonga mimea mingine. Pili, hauvuti naitrojeni kutoka hewani kama jamii ya kunde. Huichota pale uliposimama. Basi uwe mpakani au kando ya njia, wala usiwe katikati ya mikarafuu. Tatu, ikiwa mtaani kwako haupo, usiulete. Muulize kwanza Bwana Shamba, naye pengine atakushauri girisidia, ambayo haina udhia huo.

Mwisho, usikubali maneno yetu bure. Chagua miche 20 iliyo sawa, 10 uitandazie majani na 10 uifunike kwa nyasi tu, kisha uihesabu iliyo hai masika yajayo. Andika hesabu hiyo, uilete mkutanoni, kwani mali bila daftari huisha bila habari.