Batri Inakufa Kila Mara? Pima Kwanza, Ununue Nyuma



Kwenye njia za Kolwezi, Fungurume na Likasi, pikipiki ya zamani iko inafanya kazi mingi: inapeleka baba kwenye zamu ya usiku, inaleta mufuko wa unga, na mchana mutoto mukubwa anabeba nayo watu. Siku inakataa kuwaka, wengi wanasema pale pale: "Batri imekufa." Wananunua mupya. Kisha wiki chache, ile mupya nayo inakataa. Falanga ya bukari imeenda, na ugonjwa ungali palepale.

Sisi tunasema hivi: batri ni ndoo ya kuwekea umeme. Umeme wenyewe unatoka kwenye statori, zile nyuzi za shaba zilizo ndani ya motere, unapita kwenye regilateri, njo unaingia katika batri. Kama njia imekatika, ata ubadilishe ndoo mara ngapi, itakauka tu. Ile moto ya mapine ine inayotumika porini, nayo ni vile vile.

Kipimo kidogo cha umeme, multimetri, hakifikii bei ya batri. Majirani wane wanaweza kuchanga na kununua kimoja. Kisha fuateni hii njia.

Kwanza, angalia kwa macho. Vumbi yetu nyekundu na matope ya masika vinaingia kwenye plagi na kula shaba. Safisha vichwa vya batri, kaza waya wa masi pale unaposhika chuma, angalia fizi. Mara mingi ugonjwa unaishia hapa, bila kulipa kitu.

Pili, pima batri ikiwa imepumzika. Batri ya volti 12 yenye kujaa inaonyesha karibu 12,6. Kama iko 12,0 ao chini, ni tupu. Ishajiwe mbele ya kupima kingine. Batri ya pikipiki ni ndogo: kama ni ya 7 Ah, inataka ampere 0,7 hivi. Mashini kubwa ya kushaji batri za magari inaweza kuiunguza.

Tatu, washa motere na uongeze mafuta, ilie kama inapanda kilima. Kwenye batri tunataka kuona kati ya volti 13,5 na 14,8. Usihukumu motere ikiwa inalia polepole. Pale umeme unakuwa kidogo. Ikipita 15, regilateri imeharibika, na ni yeye anayechemsha batri zako. Ikibaki 12 na kitu, batri haipokei.

Ine, kama haipokei, toa plagi ya statori. Mara mingi utaona waya tatu za manjano. Weka multimetri kwenye alama ya V yenye kawimbi, washa motere, pima waya mbili mbili. Namba tatu zilingane na kupanda pamoja na mwendo wa motere. Moja ikiwa chini sana, statori imeungua. Kisha zima motere: hakuna ata waya moja ya hizi inayopaswa kugusana na chuma cha pikipiki. Kama statori ni muzima, tafuta kwenye regilateri na waya zinazotoka kwake. Regilateri inataka upepo. Ukiiacha imefunikwa na matope, inaungua.

Neno kwa wenye pikipiki ya kupiga kiki: nyingi zinawaka ata bila batri nzuri. Njo maana mutu anatembea miezi mingi bila kujua, mpaka usiku taa inazimika mbele ya kamyo.

Wamama, na hili ni lenu. Asidi ya batri inakula macho na ngozi. Ikimwagika kwa mutu, mwaga maji mingi mara moja. Mahali pa kushaji, hapana sigara. Batri yenye vifuniko inaongezwa maji ya distile tu. Na ile ya zamani, watoto wasiivunje kutafuta risasi: vumbi yake ni sumu, inaharibu akili ya mutoto. Muuzishie munene anayekusanya batri nzima.

Fundi akikuambia "nunua mupya", umuombe akuonyeshe namba kwanza.